Je, wajua kwa nini gitaa la kwenye picha ya zamani ya bendi ya dansi halikuwa la aliyelishika?

Picha zenyewe zinafanana. Vijana wanane au kumi wamejipanga mbele ya jengo, jua linawapiga usoni. Mashati ya sare yenye kola pana, suruali za bugaluu zenye miguu mipana, chini viatu vya raizoni vyenye soli nene. Waliochuchumaa mbele wameshika magitaa, waimbaji wamesimama nyuma, na katikati limewekwa dramu kubwa lenye jina la bendi. Siku hizi picha hizo zinazunguka kwenye simu za wanamuziki wakongwe wa dansi wa Tanzania, na kila ikitumwa moja ubishi unaanza: huyu wa kushoto nani, huyu si alikuja baadaye, hapa ilikuwa kabla ya safari ya Mwanza au tulishatoka?

Mzee atakueleza yote. Alianza kupiga gitaa la solo bendi gani, nani alimpokea, ukumbi gani, kibao gani kilimpa jina. Sasa muulize lile gitaa alilolikumbatia kwenye picha liko wapi. Wengi watacheka tu. Halikuwa lake. Alilipiga miaka minane, akalijua kila mkwaruzo, na siku alipoondoka alitoka mikono mitupu.

Imekuwaje basi, kizazi kilichojaza kumbi kutoka Arnautoglu ya Dar es Salaam mpaka Tabora kisimiliki hata chombo kimoja?

Jibu fupi ni kwamba chombo kilikuwa mali ya mwajiri. Jibu refu linaanzia kabla ya Uhuru, wakati bendi zilikuwa vyama. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ilianza 1944, Western Jazz mwaka 1959, Kilwa Jazz nayo ni ya zama hizohizo. Majina mengine yalitaja kabisa wenyeji wake walikotoka. Chama kilikuwa na wanachama, wanachama walichanga, na michango ikanunua vyombo. Kwa hiyo gitaa lilikuwa la chama tangu mwanzo. Mpigaji alikuwa mwanachama aliyepewa dhamana ya kulipiga, na wengi wao mchana walikuwa na kazi nyingine: makarani, mafundi cherehani, vibarua wa bandarini.

Mwaka 1964 mambo yakachukua sura nyingine. Chama cha wafanyakazi cha taifa, NUTA, kikaanzisha bendi yake na kuwalipa wanamuziki mshahara wa kila mwezi. Mpiga gitaa akawa mwajiriwa kama karani. Wengine walipoona inawezekana, wakafuata. Jeshi likawa na bendi, Polisi wakawa na bendi, JKT na Magereza vilevile. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaunda Urafiki Jazz mwaka 1970, mwaka mmoja baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz. Shirika la bima likaja na Bima Lee, na Iringa kiwanda cha kukata almasi kikawa na Tancut Almasi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shirika la umma lilikuwa na kila sababu ya kuwa na bendi: inalitangaza shirika, inachangamsha wafanyakazi, inaimba siasa ya wakati ule, na Jumamosi mlangoni inaingiza kiingilio.

Hapo ndipo watu huishia wanapoeleza: serikali ilipenda muziki, ikanunua vyombo. Mimi naona sababu yenye uzito zaidi ilikuwa benki.

Gitaa la umeme, amplifaya, saksafoni, hata ngozi ya dramu ya kisasa, vyote vilitoka nje. Kuviagiza kulihitaji leseni na fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa chini ya udhibiti wa Benki Kuu. Mwanamuziki mmoja mmoja, hata kama angefukua akiba ya miaka kumi, alikuwa na shilingi tu, na shilingi hazinunui gitaa la Fender kutoka ng'ambo. Shirika la umma lilikuwa na barua yenye mhuri, lilikuwa na mtu wa kumpigia simu wizarani, na mara nyingine lilikuwa na ofisa anayesafiri. Mtu asiye na shirika nyuma yake alibaki kuangalia magitaa kwenye picha za magazeti. Halafu vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa miaka iliyofuata ambao sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Nani angesimama kuombea dola za nyuzi za gitaa?

Nyuzi, kwa kweli, zinastahili makala yake zenyewe. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ndio unaokatika, na hukatika solo linapokolea. Ukikatika chini, karibu na pale unaposhikiliwa, mpigaji alikifungua kile kishikizo cha shaba, akaufunga upya kwa fundo, akauvuta tena mpaka kwenye ufunguo ikiwa urefu umebaki. Ukikatika katikati, basi tena. Simulizi za waliochambua waya wa breki ya baiskeli, wakatoa ule unyuzi mmoja wa ndani na kuufunga kwenye gitaa, utazisikia kwa wapigaji wengi wa enzi hizo. Waya huo hupiga kelele ya bati na hula vidole, ila dansi huendelea. Kwenye baadhi ya picha, ukizikuza kwenye simu, utaona ncha za nyuzi zimeachwa zikining'inia juu kwenye kichwa cha gitaa, hazikukatwa. Usidhani ni uchafu. Hiyo ni akiba ya kufungia fundo.

Sasa fikiria kijana anayetaka kujifunza katika hali hiyo. Nyumbani hana gitaa, na dukani halipo. Wengi walianza na gitaa la galoni, bati la mafuta lililochongewa mti na kufungwa waya. Hatua ya pili ilikuwa kuzoeleka mazoezini. Bendi zilifanya mazoezi mchana kwenye ukumbi uleule wa kupigia usiku, na kijana alikuja mapema, akasaidia kubeba spika, akatumwa sigara, akakaa karibu na mpiga ridhimu akikodolea macho vidole vyake. Wakubwa walipotoka kula, chombo kikabaki kimeegemezwa kwenye kiti. Hizo dakika chache ndizo zilizokuwa shule. Baadaye, usiku mmoja mwenye nafasi yake anachelewa au anaumwa, na kiongozi wa bendi anageuka kuangalia nani yupo. Waulize wakongwe walivyoanza, na wengi watakupa hadithi ya namna hii, wakibadilisha majina tu.

Ndiyo maana picha ya kwanza ilikuwa na thamani yake. Kijana aliyepigwa picha akiwa ameshika gitaa la bendi alikuwa ameshakubaliwa. Alikwenda studio ya picha mtaani, au mpiga picha alikuja ukumbini, na yeye akanunua nakala kwa hela yake mwenyewe akaipeleka kwao. Mama alipoulizwa mwanao anafanya kazi gani mjini, alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Na hapo tuone kuhama, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini sura ileile inaonekana kwenye bendi nne. Kwa kuwa vyombo ni vya mwajiri, mwanamuziki alikuwa na mtaji mmoja tu: mwenyewe. Akipata mwenye vyombo vizuri zaidi, au mshahara mnono zaidi, anaondoka. Mlimani Park ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, iliwavuta watu wazito, akiwamo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo aliyekuwa NUTA tangu 1964. TTTS ilipofilisika mwaka 1983, shirika la maendeleo la jiji, DDC, likaichukua bendi na ndipo jina DDC Mlimani Park likazoeleka. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, akawachukua Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, ikazaliwa bendi ya Ndekule. Walikoacha vyombo, vyombo vilibaki, na nafasi zikajazwa na wengine waliotoka kwingine. Mashabiki walilalamika kila mara, huku wakilipa kiingilio kwenda kuona kikosi kipya kina nini.

Morogoro ilishuhudia mfano mkubwa kuliko wote. Mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alikuwa ndiye Morogoro Jazz machoni pa watu, alikwenda nayo hadi Japan kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Lakini bendi ilikuwepo kabla hajazaa kibao hata kimoja, na ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1973 alitoka akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Ajali ya gari ilimchukua Mombasa, Januari 1979.

Kama gitaa halikuwa lake, angalau nyimbo zilikuwa zake? Hapa pia mambo yalikuwa magumu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, hivyo bendi iliyotaka sahani ilikwenda Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikawa ya taabu mpaka 1983. Rekodi nyingi zilifanywa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zikabaki maktaba ya redio. Zilipigwa hewani miaka nenda rudi. Chombo cha kusimamia hakimiliki za wanamuziki, COSOTA, kilikuja na sheria ya 1999, wakati wengi wa waliorekodi walishazeeka au walishatangulia.

Na sura zao nani alizijua? Televisheni Tanzania Bara ilikuja miaka ya 1990. Sahani ndogo ziliuzwa ndani ya mfuko wa karatasi wenye nembo ya kampuni, bila picha ya mpigaji. Mtu wa Songea angeweza kuijua sauti fulani kwa miaka ishirini na wakapishana na mwenye sauti stendi bila kumtambua. Weka hayo yote pamoja, utaona kwa nini ile picha ya inchi chache, yenye kona zilizojikunja, inatunzwa ndani ya Biblia au msahafu. Vyombo vilibaki kwa shirika, tepu zikabaki redioni. Nakala ya picha aliilipia mwenyewe, na kwa wengi ndiyo iliyobaki mikononi.

Kwa anayependa kuzisoma picha hizo, zipo dalili za kumsaidia. Anza na dramu. Likiandikwa NUTA, uko kati ya 1964 na mwishoni mwa miaka ya 1970. Likiandikwa JUWATA, chama kilishabadilishwa jina, na OTTU, jina lililofuata, ni miaka ya 1990. Bendi ni ileile, hii leo inaitwa Msondo Ngoma. Dramu lile pia litakusaidia ukiona jambo la ajabu, wapiga magitaa wote ni mashoto: angalia herufi, kama zimegeuka basi aliyesafisha picha aliiweka filamu kinyume. Nimeona mabishano marefu juu ya nani alipiga besi kwa mkono wa kushoto ambayo yangekwisha kwa kuangalia herufi moja.

Angalia na nguo. Januari 1969 vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa hiyo mwanamuziki aliyepiga picha ya mtaani na suruali iliyombana kipindi hicho alikuwa na roho ngumu, au alikuwa ndani ya geti. Magitaa ya umeme yasiyo na waya msishangae. Picha nyingi zilipigwa nje mchana kwa sababu mwanga wa jua ni wa bure, vyombo vikatolewa ukumbini kwa ajili ya picha tu kisha vikarudishwa.

Miaka ya 1980 ilipoelekea ukingoni biashara ikafunguliwa, na vyombo vikaanza kuingia mikononi mwa watu binafsi. Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa au kufungwa, bendi zao nyingi zikaenda nayo. Vyombo vikauzwa, vikagawanwa, vingine vikaozea stoo. Waliokuja na mtaji wao wakaanzisha bendi mpya, na mwenye vyombo akaendelea kuwa ndiye mwenye bendi. Mpaka leo ukimsikia mwanamuziki wa dansi wa Dar anasema "tajiri wetu", anamzungumzia mwenye vyombo.

Kwa hiyo ukikuta picha ya namna hii kwa babu au mjomba, usianze na swali la wimbo gani aliimba. Anza na vyombo: vilikuwa vya nani, vilipatikanaje, nani alivirithi. Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya. Andika na majina ya waliosimama, kuanzia kushoto, hata yule aliyekatwa nusu pembeni. Mara nyingi huyo ndiye mbeba spika, na miaka mitatu baadaye utamkuta katikati ya picha nyingine, ameshika solo.