Kutoa sehemu zenye asili tofauti: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Toa kiasi kwa kiasi, asili kwa asili."

Kosa hili, la kutoa namba za juu (kiasi) kwa zake na za chini (asili) kwa zake, ndilo mama wa mengine. Mwanafunzi anaandika 3/4 − 1/2 = 2/2 na kuendelea na swali linalofuata. Mwambie asome kwa sauti alichoandika: robo tatu, toa nusu, imebaki nzima. Amepunguza, kisha amepata zaidi ya alichoanza nacho! Kwa njia hiyohiyo, 3/4 − 1/4 itampa 2/0, kitu kisichokuwepo kabisa.

Ukweli ni kwamba asili haihesabu vipande, inataja ukubwa wake. Kinachohesabu ni kiasi. Nusu na robo hazilingani, kwa hiyo kwanza igeuze nusu iwe robo mbili. Sasa robo tatu toa robo mbili, inabaki robo moja: 1/4. Asili 4 haiguswi, maana ukubwa wa kipande ni uleule. Kiswahili kina majina ya vipande hivi, thuluthi, robo, sudusi, thumuni, na tunamnyima mtoto kitu kikubwa tunapomkimbiza kwenye tarakimu kabla hajayazoea.

Dhana: "Bila KDS (kigawe kidogo cha shirika), jibu si sahihi."

Si kweli. Chukua 5/6 − 3/8. KDS ya 6 na 8, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ni 24, hivyo 20/24 − 9/24 = 11/24. Aliyezidisha 6 kwa 8 ataandika 40/48 − 18/48 = 22/48, na akirahisisha anafika palepale, 11/24. KDS inapunguza kazi tu. Tafadhali asinyimwe alama.

Kosa lenyewe ni kubadili asili na kusahau kiasi: 5/24 − 3/24. Ukizidisha 6 kwa 4, na 5 nayo izidishe kwa 4, la sivyo umeibadili thamani ya sehemu.

Dhana: "Kwenye sehemu mchanganyiko, toa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo."

Katika 4 1/3 − 1 3/4, wengi huona 4/12 haitoshi kutoa 9/12, basi wanazigeuza na kupata 3 5/12. Badala yake, azima nzima moja kwenye 4 uivunje iwe 12/12: sasa una 3 16/12. Toa 1 9/12, unapata 2 7/12. Hakiki kwa kujumlisha: 2 7/12 + 1 9/12 = 3 16/12, yaani 4 1/3.