Ute mweupe kwenye mimba changa sio uchafu, acha kuuosha

Hapa kliniki ya wajawazito hiki kitu nakutana nacho sana, mdada ana mimba ya wiki 6 au 8 anakuja ananong'ona kwa aibu, nesi mimi natoka uchafu mwingi, chupi inalowa mchana kutwa, nimejisafisha na maji ya chumvi na ndimu lakini wapi. Namuuliza unanuka? Hapana. Unawasha? Hapana. Rangi je? Mweupe mwepesi tu. Basi dada yangu huo sio uchafu, ni ute, na mwili wako unautengeneza kwa makusudi kabisa.

Iko hivi, mimba ikishatunga homoni zinapanda, hasa istrojeni, damu inayokwenda kwenye nyonga inaongezeka na mlango wa kizazi unaanza kutoa ute mwingi kuliko ulivyozoea, na huo ute unasaidia kuzuia vijidudu visipande juu kwa mtoto. Sasa wewe ukiingiza kidole na sabuni, au ndimu, au zile dawa za kubana uke mnazouziana mtaani, unaua bakteria wazuri wanaoulinda uke, afu fangasi wanapata pa kukaa. Osha nje tu, maji yanatosha, vaa chupi ya pamba, ikilowa badilisha. Hata udi na ubani fukiza nguo na chumba, huko chini hapana.

Ila ukiona ute mzito kama maziwa mgando na unawasha mpaka unakosa raha, hao mara nyingi ni fangasi, mjamzito anawapata kirahisi. Wa kijivu wenye shombo ya samaki, au wa njano na kijani wenye povu, hayo ni maambukizi, mengine ya zinaa, na hapo mwenzi wako naye inabidi atibiwe la sivyo mtarudishiana. Naomba sana usiende duka la dawa ukasema nipe ya UTI, maana kuna dawa hazifai kwenye mimba, mfano doksisaiklini, na flukonazoli ya kumeza miezi mitatu ya mwanzo tunaikwepa, fangasi tunawatibu kwa vidonge vya kuweka ukeni.

Matiti kuuma na chuchu kuwa nyeusi, kukojoa kila saa, usingizi, choo kigumu, kichefuchefu (sio cha asubuhi tu, wengine mpaka usiku) hayo ni ya kawaida. Kukojoa kukiambatana na maumivu au homa, au kutapika mpaka hata maji hayakai tumboni, njoo. Ile hamu ya udongo wa pemba usiimezee tu, tuambie tukupime damu, inaweza kuwa umepungukiwa madini ya chuma.

Na damu. Matone kidogo siku ambazo ulitegemea hedhi yanaweza kuwa ni mimba kujishikiza, lakini usijiamulie mwenyewe nyumbani, njoo tuangalie. Damu ikiwa na maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, kizunguzungu au bega kuuma, inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, usisubiri mume arudi kutoka kazini wala usisubiri kesho, hata kama ni usiku wa manane tafuta usafiri uende hospitali.

Kliniki anza kabla ya wiki 12, usingoje tumbo lionekane. Na ukifika taja rangi na harufu bila aibu, sisi tunasikia hayo kila siku.