Je, wajua? Punje ya chumvi inaweza kufungia vijidudu hai maelfu ya miaka

Ukifika ziwa la chumvi la Katwe huku Kasese, Uganda, wakati wa jua kali utakuta maji ya chumvi yamekuwa mekundu mekundu, mgeni anadhani kuna kitu kimemwagwa, kumbe ni vijidudu vinavyopenda chumvi kali vimejaa humo. Jamaa zao ndio huwa wanampa samaki wa chumvi ile rangi ya pinki akikaa sana kwenye joto. Sisi tunatia chumvi ili tuue vijidudu, wao bila chumvi hawaishi!

Sasa vinaingiaje ndani ya punje? Maji yakikaushwa na jua chumvi inaganda haraka haraka inaacha vitundu vidogo mno ndani, na maji ya ziwa yanabaki yamefungiwa humo pamoja na chochote kilichokuwa kinaogelea. Shika punje kubwa uitazame kwenye mwanga, pale penye ukungu mweupe mara nyingi ndipo vitundu vilipo.

Watafiti walichimba Death Valley, Marekani, wakatoa chumvi ya kati ya miaka 22,000 na 34,000, na vijidudu vya ndani vikaota tena maabara. Vilikuwa vimenywea vikawa viduara vidogo kabisa, ila mimi lililonishika zaidi ni chakula chao. Humo ndani kulikuwa pia na mwani uitwao Dunaliella, ambao unajitengenezea gliseroli (kimiminika kizito kitamu) ili ustahimili chumvi, kwa hiyo wale watafiti wanaona mwani ukifa gliseroli inavuja na ndiyo posho ya vijidudu miaka yote hiyo.

Kazi ngumu ni kujua kama kijidudu ni cha zamani kweli au kimeingia jana kwenye mikono ya mtu. Ndio maana punje inaoshwa kwanza kwa asidi kali, halafu wanatoboa katundu kamoja na kunyonya maji kwa sindano. Mwaka 2000 mtafiti Russell Vreeland na wenzake walifanya hivyo kwa chumvi ya New Mexico, Marekani, ya miaka milioni 250, wakasema wamepata bakteria hai, lakini wengi wakabisha kwa sababu jeni zake zilifanana mno na za bakteria wa leo, na mimi hapo naona wabishi wana hoja.

Mwaka 2022 wengine wakaangalia chumvi ya Australia ya miaka milioni 830 kwa hadubini tu, bila kutoboa vitundu vyake, wakaona maumbo ya vijidudu na mwani bado yamo ndani ya maji yake.