Je, wajua? NZE141 na NZE144: tarakimu moja inayoamua kama utapanda kilima

Jumamosi moja ya masika, mtaani kwetu Goba, Dar es Salaam, Toyota IST nyekundu ilifika chini ya kilima ikajaribu kupanda. Matairi ya mbele yakazunguka palepale, yakirusha tope hadi kwenye vioo vya pembeni. Ikajaribu tena, ikashindwa tena. Dereva hakushuka, wala hakuita vijana wa kusukuma. Aligeuza gari, akaingiza rivasi, akakipanda kilima kinyumenyume hadi juu, shingo ameipinda kama anayemgombeza mtoto kiti cha nyuma. Kule juu akageuza tena, akaenda zake.

Watoto walicheka sana. Mimi nilikumbuka swali ambalo shemeji yangu alikuwa ananisumbua nalo wiki hiyo. Alikuwa anataka kuagiza Toyota Fielder kutoka Japani, na kwenye simu alikuwa na picha za mbili zisizotofautiana hata kwa rangi. Moja namba yake ya modeli ni NZE141, nyingine NZE144. Achukue ipi?

Tofauti yenyewe imo katika tarakimu ile ya mwisho. NZE141 ni Fielder ya injini ya 1500 inayovuta kwa matairi ya mbele tu. NZE144 ni hiyohiyo, injini ileile, lakini fowili, yaani matairi yote manne yanaweza kuvuta. Toyota ina mchezo huu kwenye magari mengi tunayoyapanda kila siku: IST ya 1500 ikiwa NCP61 inavuta mbele, ikiwa NCP65 ni fowili; Probox NCP51 inavuta mbele, NCP55 ni fowili; Vanguard ACA38 inavuta mbele, ACA33 ni fowili. Huhitaji kumuuliza dalali. Namba imo kwenye kibati ndani ya boneti, na kama bado huamini, inama uchungulie chini: ukiona bomba refu linalotoka giaboksi kwenda kwenye difu ndogo (chombo kinachogawa nguvu kwa matairi mawili) katikati ya matairi ya nyuma, hiyo ni propela, na gari ni fowili. Usipoliona, linavuta mbele.

Gari la kuvuta mbele lina mpangilio mwepesi. Injini imelazwa kiubavu, giaboksi imebandikwa ubavuni mwake, difu imo humohumo ndani ya giaboksi, na shafti mbili fupi zinatoka kwenda matairi ya mbele. Matairi ya nyuma yanafuata tu kama ya mkokoteni. Muundo huu ulishika kasi baada ya Waingereza kutoa Mini mwaka 1959, kwa sababu unabakiza nafasi kubwa ya abiria, unapunguza uzito na unapunguza vyuma vya kutengeneza. Corolla saluni ilihamia huko mwaka 1983. Zilizotangulia zilikuwa zinasukuma kwa nyuma.

Sasa turudi kwenye kilima cha Goba, tukipigie hesabu. Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na dereva. Asilimia 60 hivi ya uzito huo, yaani kilo 720, inakalia matairi ya mbele kwa sababu injini iko huko. Tope la utelezi linaruhusu tairi kuvuta kama robo tu ya uzito unaolikandamiza. Lami kavu ingeruhusu zaidi ya mara tatu ya hapo. Kilima kinachopanda mita moja kwa kila mita kumi kinadai nguvu ya kilo 120, na tope lenyewe linanyonya kama kilo 60 nyingine. Jumla 180. Robo ya 720 ni 180. Yaani gari liko ukingoni kabisa.

Lakini gari likiinua pua kupanda, uzito kidogo unarudi nyuma. Kwa gari la ukubwa huu na mteremko huo ni kilo 24 hivi. Mbele zinabaki 696, robo yake 174, na 174 haifikii 180. Ndiyo maana matairi yalizunguka bure. Dereva alipogeuza, pua ikawa upande wa chini, zile kilo 24 zikaja mbele badala ya kukimbia. Mbele zikawa 744, robo yake 186. Amepita kwa kilo sita! Hajawahi kuifanya hesabu hii, nina hakika, lakini kilima kilishamfundisha jibu lake. Ongeza sasa abiria watatu kiti cha nyuma na gunia la mkaa kwenye buti, utaelewa kwa nini gari lilelile lililopanda asubuhi na dereva peke yake linagoma jioni.

Fowili ingekuwa na kilo zote 1,200 za kuvutia. Robo yake ni 300. Ingepanda kile kilima dereva anaongea na simu (asifanye hivyo).

Kwa hiyo shemeji achukue NZE144? Ngoja kwanza.

Fowili hii si ya Land Cruiser. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Hokkaido huko Japani, au wa mikoa ya kaskazini ya kisiwa cha Honshu, ambaye wakati wa baridi anakuta theluji imefunika njia ya kutokea nyumbani kwake. Mwaka mzima anatembea kwenye lami. Anahitaji msaada kwa mita chache tu za kuondoka. Ndiyo maana kwenye IST, Vitz na Probox matairi ya mbele ndiyo yanayofanya kazi karibu muda wote. Kati ya mbele na nyuma kuna kopo lililojaa visahani vyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Matairi ya mbele yakianza kuzunguka haraka kuliko ya nyuma, visahani vinayakoroga yale mafuta, yanapata joto, yananata, na nguvu inaanza kwenda nyuma. Maana yake msaada unakuja baada ya kuteleza kidogo, hauji kabla. Kwenye theluji au tope jepesi hiyo inatosha kabisa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako mtelezo wa kwanza tu umeshazamisha tairi nusu, msaada unaweza kukuta gari limeshalala kwa tumbo.

Tena difu za magari haya ni za kawaida, zisizofungwa. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa matairi yake mawili, kwa hiyo moja likipoteza mshiko, la pili nalo linapata kilekile kidogo. Vuka mtaro kwa mshazari, tairi moja la mbele na moja la nyuma yaning'inie, na fowili yako itasimama pale inazungusha yaliyo hewani huku yaliyo ardhini yametulia kama yamealikwa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii hadi siku wanapoteremka. Fowili inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama. Breki ziko kwenye matairi yote manne katika kila gari, hata la kuvuta mbele, na kinachokusimamisha ni mshiko wa tairi na barabara. Mwenye fowili anapanda utelezi bila wasiwasi, hasikii tairi hata moja likilalamika, anadhani barabara ni nzuri. Anafika kileleni, anaanza kushuka akiwa na ujasiri wa kupandia na breki za mtu yeyote. Mwenye kuvuta mbele alishaonywa na kilima akiwa bado chini.

Na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi: uvungu wa juu si fowili. Vanguard ACA38 na Harrier ACU30 zimesimama juu, zina mabavu ya kutisha, na zote zinavuta mbele tu. Watu wanazinunua kwa ajili ya "barabara mbaya", na kwa mashimo na mawe ya mtaani zinawafaa kweli, kwa sababu shida ya barabara zetu nyingi kiangazi ni kugonga chini, si kukosa mvuto. Kinyume chake Vitz ya fowili ina propela na difu ya nyuma lakini tumbo lake bado liko karibu na ardhi.

Wakenya wana sababu ya kihistoria ya kuipenda fowili, maana wameyashuhudia mashindano ya magari ya Safari Rally yakihamia kwenye fowili. Hata huko haikushinda mara moja. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica iliyokuwa inasukuma nyuma tu, wakati Audi quattro za fowili zilishakuwa zinatamba Ulaya. Mwaka 1987 ndipo Audi 200 ya Hannu Mikkola ikashinda. Kwenye vumbi na mawe ya kilomita elfu kadhaa, kilichotangulia kuhesabiwa kilikuwa gari lisilovunjika.

Kwa matumizi ya kila siku, kuvunjika huko kunaanzia kwenye matairi. Sisi tunanunua tairi moja moja: hili limepasuka, tunaweka la mtumba, yale matatu yanaendelea. Kwenye gari la kuvuta mbele hiyo ni dhambi ndogo. Kwenye fowili, tairi jipya na tairi kipara hayalingani mzunguko, kwa hiyo lile kopo la silikoni linadhani kuna utelezi kila mita unayotembea, hata kwenye lami kavu. Linachemka safari nzima, mwishowe linakufa. Fowili inataka matairi manne ya saizi moja na yaliyochakaa sawa. Pia ikiharibika njiani, usikubali bredauni ya kuinyanyua mbele tu na kuiburuta nyuma, ipandishwe yote. Mafuta nayo yanaongezeka kwa asilimia 5 hadi 10, maana unabeba vyuma vya kilo 80 hivi hata siku usizovihitaji.

Shemeji anatoka Goba kwenda Posta siku sita kwa wiki, na kile kilima kinamsumbua labda siku kumi kwa mwaka. Nilimwambia achukue NZE141, na pesa inayobaki anunue matairi manne mapya yenye meno ya maana. Kama angekuwa anaishi Lushoto, au kwenye vijiji vya juu vya Marangu, ambako kila asubuhi ya mvua ni kilima na hakuna njia ya kuzunguka, ningemwambia NZE144 bila kusita.

Na mtu wa Lushoto nisingemwacha aende kwenye yadi bila mambo mawili. La kwanza, alale chini aangalie kutu: gari nyingi za fowili zinatoka kwenye mikoa ya theluji, na huko barabarani wanamwaga chumvi ili kuyeyusha barafu. Rangi ya juu inang'aa huku bomba za breki zimeliwa. La pili, alipeleke gari mahali pakavu, akate usukani hadi mwisho, aliache litembee taratibu kwa kuzunguka duara. Likienda laini, vizuri. Likiwa linashikwashikwa kama mtu ameacha handibreki juu, lile kopo limeshaganda, na muuzaji anajua.