Kwanza utafundishwa kuanguka: maswali ya watu wa Bukavu kuhusu judo na karate

Mtoto wangu ana miaka tisa, anataka judo. Si atajifunza kupiga wenzake?

Mama, judo haina ngumi wala teke. Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani, aliianzisha Tokyo mwaka 1882 kutoka katika mapigano ya kale ya jujutsu, akaweka kando mbinu za kuumiza ili watu wafanye mazoezi kwa nguvu zao zote na warudi nyumbani wazima.

Mtoto akiingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, kazi ya kwanza ni kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani, mgongo unakunjwa, na mkono unapiga tatami, mkeka mnene wa mazoezi, kwa kiganja wakati uleule mwili unapofika chini, ili kichwa kisigonge. Anaanza akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, na kazi hiyo inarudiwa siku nyingi. Wengine wanachoshwa nayo wanaacha, maana walikuja kutafuta sinema.

Karate ina ngumi na teke, lakini sehemu kubwa ya mazoezi ni kupiga hewa kwa mpangilio, yaani kata. Gichin Funakoshi, mwalimu aliyeitoa kisiwa cha Okinawa na kuifikisha Tokyo mwaka 1922, aliwaachia wanafunzi wake kanuni kwamba mwana karate haanzi kushambulia.

Mimi ukiniuliza, somo kubwa kuliko mikanda yote ya vyeo ni hili: mtoto akibanwa na mwenzake, anampiga kidogo kwa kiganja, mara mbili. Mwenzake anaachia palepale. Hakuna kubishana, hakuna "ngoja kidogo". Anayebanwa anajifunza kusema basi bila aibu, na aliyebana anajifunza kwamba basi ya mwenzake ni amri, hata kama yeye ndiye mwenye nguvu. Mjini petu kuna watu wazima, wengine wana ndevu nyeupe, ambao somo hilo halijawahi kuwafikia.

Na mwili unapata faida gani? Sisi tunapanda milima kila siku.

Kweli, anayetoka Nyawera kwa miguu hadi Kadutu na mzigo kichwani ameshafanya mazoezi ya moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mtoto walau dakika 60 kwa siku. Ila linashauri pia kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na hapo ndipo judo na karate zinaongeza kitu: mapaja, kiuno, tumbo, na uwezo wa kusimama imara mtu akikusukuma. Kwenye ngazi za udongo za Bukavu wakati wa mvua, uwezo huo si mchezo.

Tangu vita silali vizuri, nikisikia mlango unagonga nashtuka. Karate itaniponya?

Kuponya, hapana. Kusaidia, inaweza. Kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, kunapunguza mbio za moyo, na mazoezi ya mara kwa mara yanasaidia usingizi. Halafu kuna lile la kushikwa na mtu mahali ambapo una hakika ataachia. Mwili uliozoea kuogopa unajifunza pole pole.

Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wazaliwa wa Bukavu, walitenganishwa na familia zao na vita wakiwa wadogo. Judo waliikuta Kinshasa, na mwaka 2016 walishindana Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Lakini wamesimulia pia kwamba zamani, makocha wao waliwatesa waliposhindwa. Mchezo ni uleule. Anayeuongoza ndiye anayeufanya dawa au sumu.

Aliyewahi kubakwa au kukabwa shingo asilazimishwe kulaliwa kwenye tatami. Aanze na kata, amwambie mwalimu mapema, hata bila kueleza sababu. Na kama usingizi umepotea wiki nyingi, au mawazo ya kujiua yanakuja, nenda kwanza kituo cha afya au SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu. Dojo itafuata.

Hatari ziko wapi?

Vidole, bega na goti ndivyo vinavyoumia sana. Kichwa ndicho cha kuogopa. Aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, akaona kizunguzungu au akasahau kilichotokea, harudi kwenye tatami siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika mara kwa mara, akisinzia ovyo, kichwa kikizidi kuuma au akipoteza fahamu, mpelekeni hospitali mara moja.

Ngozi nayo inasahauliwa. Choa inahama kwa kugusana na kwa tatami chafu, na Kivu Kusini tumeshaujua mpox, ambao nao unapita ngozi kwa ngozi. Mwenye upele wa kutilia mashaka abaki nyumbani, aonwe na muganga. Kidonda kifunikwe, kucha zikatwe, kimono, lile vazi la mazoezi, ifuliwe na ikauke kabisa, jambo ambalo msimu wa mvua linataka uvumilivu.

Nina miaka 55 na tansio, shinikizo la damu. Nimechelewa?

Papa, hujachelewa, ila pima kwanza na umuulize muganga. Usibane pumzi unapotumia nguvu, acha kuangushwa kwa kishindo. Kata na kujifunza kuanguka kutoka chini vinakutosha. Mama mjamzito naye aache kabisa mapambano na kuangushwa.

Mwalimu mzuri nitamjuaje?

Omba kukaa pembeni mazoezi mawili matatu, mwanzo hadi mwisho. Anayekataa mzazi aangalie, usimpe mtoto, hasa binti. Tazama kama wanapasha mwili moto, kama wadogo wanapambanishwa na wakubwa, kama adhabu ni viboko. Anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi michache anauza kitambaa. Kimono isikusumbue mwanzoni: uliza kama mtoto anaweza kuanza na suruali ya mazoezi na shati nene lisilo na vifungo.