Kidhibiti joto cha kielektroniki: dhana potofu na ukweli wake

Hita ikigoma au joto likipitiliza, wa kwanza kulaumiwa ni kidhibiti, kwa kuwa ndicho chenye skrini na vitufe. Mara nyingi kinaonewa.

"Nikiweka kiwango cha juu, joto litapanda haraka."
Halipandi haraka. Tanuri likiwa nyuzi 25, ukiweka 180 au 250, hita inapokea umeme uleule hadi joto likaribie kiwango ulichoweka. Kasi inategemea wati za hita na uzito wa kinachopashwa.

"Namba ya skrini ndiyo joto lenyewe."
Hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kidhibiti hakioni joto, kinapokea voltiji ndogo mno kutoka kwenye themokapo, yaani kihisi cha joto chenye nyaya mbili za metali tofauti, na kuitafsiri kwa aina ya kihisi uliyochagua kwenye mipangilio. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, ya J hutoa zaidi ya 50. Umefunga K, mipangilio inasema J: tanuri litafika nyuzi 200 huku skrini ikisoma kati ya 150 na 160, na hita itaendelea kuchochea. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, hakikisha aina ya kihisi imechaguliwa sawasawa.

Ukishuku kihisi, zima umeme, kitoe, kisha unganisha vituo vyake viwili kwenye kidhibiti kwa kipande kifupi cha waya. Ukiwasha tena, kidhibiti kizima cha themokapo kitasoma joto linalokaribia lile la chumba. Kikisoma hivyo, tafuta kosa kwenye kihisi au waya wake. Usirefushe themokapo kwa waya wa kawaida wa shaba, usomaji utakuwa ukibadilika kila sanduku la umeme linapopata joto. Kuna waya maalumu wa aina ileile ya themokapo.

"Waya mwekundu ni chanya."
Kwenye umeme wa betri, sawa. Kwenye themokapo zinazofuata rangi za Marekani, mwekundu ndio hasi, na kwa aina ya K chanya ni wa manjano. Za kiwango cha kimataifa cha IEC, K ina kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Dalili ya kugeuza waya haifichiki: tanuri linapata moto, namba inashuka. Zima mara moja, maana kidhibiti kitazidi kuchochea kikidhani kuna baridi.

"Joto likiyumba, kidhibiti kimeharibika."
Kinachowasha na kuzima tu lazima kiyumbe kidogo. Chenye PID, yaani kinachopunguza au kuongeza umeme hatua kwa hatua ili joto litulie, kinahitaji kujipima chenyewe ili kipate namba zake za kazi, na kipimo hicho kifanywe mzigo ukiwa ndani, katika hali ya kazi ya kila siku. Ukikipima tanuri likiwa tupu, namba zitakazopatikana ni za tanuri tupu.

"Taa ya kutoa umeme imezima, basi hita imezima."
Taa inaonyesha amri tu. Rilei ya kielektroniki, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kwa amri ya kidhibiti, ikiungua, mara nyingi hubaki imeshikana na hita inaendelea kupata umeme. Kinachoiunguza sana ni joto lake yenyewe: hupoteza zaidi ya volti 1 ndani yake, na kwa ampea 20 hiyo ni wati 20 na ushee. Ifungwe kwenye bamba la alumini la kupoozea. Ukiipima voltiji bila hita kuunganishwa, mita inaweza kukuonyesha umeme hata ikiwa nzima na imezimwa, kwa sababu huvujisha kidogo. Pima ikiwa na mzigo. Hita nayo ipime ukinzani, umeme ukiwa umekatwa na waya zake zimetenganishwa: ya wati 2000 kwa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 26.

"Kidhibiti kinatosha kama ulinzi."
Hakitoshi. Kihisi kikichomoka mahali pake, kidhibiti kitapima hewa ya pembeni na kuendelea kupasha. Weka kikata-joto cha pili chenye kihisi chake, kinachokata umeme wa hita kupitia kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) yake yenyewe, na kinachohitaji kurudishwa kwa mkono baada ya kukata.