Sura ya nje ya nyumba ya shamba, kuanzia Malindi hadi Lamu

Wateja wengi wanaonijia kutaka nyumba ya shamba huja na picha kwenye simu. Mara nyingi ni picha za nyumba za magogo zilizojengwa milimani huko Marekani au Ulaya, zenye bomba la moshi la mawe, paa la mteremko mkali na ukumbi wa mbao upande wa mbele. Siwabezi kamwe, kwa kuwa wanachokitamani nakielewa: nyumba isiyong'aa, iliyokaa kama kwamba imeota pale pale, na ambayo mtu akiifikia jioni kutoka Mombasa au Nairobi moyo wake hutulia kabla hajafungua mlango. Ninachowaeleza ni kwamba kila kitu katika picha ile kina kazi yake. Paa lina mteremko ili theluji iporomoke, magogo ni mazito ili yazuie baridi, na mawe yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa yametapakaa karibu na mahali pa kujenga. Anayenakili maumbo hayo huku Ganda au Mambrui, vijiji vya karibu na Malindi, hubaki na nyumba yenye joto, iliyojikinga na theluji ambayo haitakuja.

Nimefanya kazi ya usanifu wa majengo kati ya Malindi na Lamu kwa miaka 19, na kwa upande wa nje wa nyumba ya shamba nina sharti moja ambalo nalisimamia hata mteja akikasirika: tusiweke nje kitu ambacho fundi wa kijiji kile hataweza kukitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Jua, chumvi na mchwa havimwachii mtu ukuta wala paa kama alivyojenga. Kwa hiyo kila ninapochora kitu cha nje, najiuliza kwanza ni nani atakayekikarabati, na baada ya masika mangapi.

Kabla ya kuchagua jiwe au rangi, nasimama kiwanjani asubuhi, kisha narudi alasiri. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta na Lamu nyuzi 2 na kidogo, kwa hiyo jua la saa sita hutukalia juu ya utosi karibu mwaka mzima. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini na Disemba hupita upande wa kusini, lakini nyakati zote mbili huwa juu kiasi kwamba upenu wa mita moja na nusu hutosha kuufunika ukuta. Jua la kuogopwa ni lile la chini, la saa mbili asubuhi na la saa kumi alasiri, ambalo hupenya chini ya upenu wowote. Ndiyo sababu nailaza nyumba kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi za ubavuni ziwe na madirisha machache au zikingwe na miti. Nyumba iliyolala hivyo huipokea kusi, inayovuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na pia kaskazi ya Disemba hadi Machi. Wenye viwanja vya ufuoni hupata ugumu, kwa sababu bahari ya Malindi iko mashariki na kila mtu anataka kuitazama. Hao mimi huwachorea baraza yenye kina cha mita 3 upande wa bahari, wakae humo, na vyumba vya kulala vibaki nyuma kivulini. Kwa shamba lililo ndani, mbali na pwani, sioni udhuru wa kuielekeza nyumba vibaya.

Baada ya hapo ni paa, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa nyumba ya chini iliyozungukwa na minazi huzioni kuta zake ukiwa njiani. Unachokiona ni paa. Makuti ya kuezekea ni makuti ya viungo, yaani yale ambayo majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa yakashikana. Makuti ya kumba, yaliyosukwa, ni ya ua na viambaza, na nimewaona watu wakiuziwa haya badala ya yale. Mteremko usipungue nyuzi 45. Wapo wanaoomba paa lilazwe kidogo ili lisionekane kubwa mno, nami hukataa, kwa sababu maji ya masika yakipita polepole juu ya makuti huyalowesha hadi ndani, na kuti linaloshinda na maji huoza. Paa lenye mteremko mzuri, ambalo safu zake zimesogezwa hadi kufika sentimita 10 hivi kati ya moja na nyingine, nimeliona likifikisha miaka 7 au 8; lile lililolazwa, au ambalo fundi aliyabania makuti, halikuvuka miaka 4. Miti nayo isiliegemee paa. Majani yanayoanguka juu ya makuti hushika unyevu, na kuvu huanza kuyala hapo hapo.

Ukubwa wa paa wenyewe ni pambo la kutosha. Nalishusha hadi ukingo wake ubaki juu ya ardhi kwa zaidi kidogo ya mita 2, naacha ncha za makuti zikatwe kwa usawa lakini zisinyolewe sana, na sipendi kuongeza chochote juu ya mgongo wake. Kwa miti ya kupaulia natumia mvinje, kwa kuwa wakulima wengi wa Malindi na Kilifi huupanda kwa ajili ya kuuza nguzo, na hukomaa baada ya miaka michache. Mikoko naitumia kwa uangalifu zaidi. Zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, usafirishaji wa miti yake kwenda nje ulipigwa marufuku mwaka 1982, na ukataji wa humu nchini unahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Wakataji na wauzaji wa Lamu bado huipanga miti hiyo kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na anayekwenda kununua afadhali ayajue majina hayo ili apate alichokusudia. Mimi huziweka boriti pale jicho linapozifikia, kwenye dari ya baraza na juu ya madirisha, na sehemu nyingine naiachia mvinje uliomenywa gome na kutiwa dawa ya vidudu.

Adui mkubwa wa makuti ni moto. Jiko la kuni nalitenga na nyumba kubwa, upande ambao upepo hauchukui cheche kuzipeleka kwenye paa, na nyaya za umeme nazipitisha ndani ya mabomba zisigusane na majani kabisa. Jiko hilo na stoo huwa naviezeka kwa mabati, na si kwa ajili ya moto peke yake. Maji yanayotoka kwenye makuti huwa na rangi ya kahawia na takataka nyingi, ilhali bati la mita mraba 100 hupokea lita 1,000 kwa mvua ya milimita 10, na katika mashamba ambayo maji ya kisima yana chumvi jambo hilo si dogo. Watu wa Pate na wa pwani ya kuelekea Kiunga wamevuna mvua kwa majabia yao, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, tangu zamani. Jabia lililojengwa kwa mawe na kupigwa lipu, likiwa na ukingo wa kukalia, hupendeza uani kuliko tangi la plastiki. Karibu na bahari mabati ya kawaida hushika kutu upesi, na hapo afadhali mtu agharamie vigae vya udongo.

Kuhusu kuta nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikabidhiwa nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe, upande wa kaskazini wa mto Sabaki, ambayo lipu yake ya chokaa ilikuwa imechakaa. Niliibandua yote nikapiga lipu ya saruji, nikidhani kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho kitakachodumu. Masika mawili hayakupita kabla lipu haijavimba na kudondoka kwa vipande vikubwa, na ukuta wa nyuma yake ukawa umelowa na kutoa unga mweupe wa chumvi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, na unyevu huo lazima utoke kwa kupitia usoni mwa ukuta. Chokaa huuruhusu upite. Saruji ilikuwa imeufungia ndani, na chumvi ilipokauka na kuganda nyuma ya lipu iliisukuma nje. Gharama ya kuirudishia nyumba ile chokaa niliilipa mimi, na tangu hapo sijapiga saruji juu ya jiwe la matumbawe.

Chokaa yetu hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwa kuni nyingi, kisha kuyamwagia maji yakafumuka na kuwa unga laini au ujiuji. Ikipakwa ukutani huanza kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe, na kazi hiyo haitaki haraka: ukuta hunyunyiziwa maji, hufunikwa kwa magunia usikaushwe na jua, na lipu hupigwa kwa matabaka membamba. Mchanga wa ufuoni usitumike, kwa kuwa una chumvi. Mchanga wa mto ulio safi ndio unaofaa. Anayetaka kujua subira hiyo huzaa nini aende Gede, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, mji ulioachwa na wakazi wake katika karne ya 17 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Mapaa yalikwisha kuanguka zamani, lakini kwenye baadhi ya kuta zake lipu ya chokaa bado imeshika.

Rangi ya nje basi hutoka katika chokaa yenyewe. Nyeupe tupu inafaa kwa Shela, kisiwani Lamu, katikati ya mchanga. Shambani, ambako ardhi ni nyekundu kama ile ya Magarini, nachanganya kidogo udongo wa pale pale uliochekechwa katika tabaka la mwisho, ukuta ukapata wekundu hafifu ambao vumbi haliuharibu kwa kuwa unafanana nalo. Jiwe lenyewe siku hizi hutoka katika machimbo ya nchi kavu, yaani mwamba wa matumbawe ya kale. Matumbawe hai ya baharini hayaguswi. Hifadhi ya baharini ya Malindi ililindwa tangu mwaka 1968, na hakuna nakshi inayostahili kuuharibu mwamba ule.

Jambo ninalolipinga waziwazi ni desturi ya kubandika mawe membamba ya Galana ukuta mzima juu ya matofali ya saruji ili nyumba ionekane ya kale. Jiwe la Galana ni zuri sana, lakini ni jiwe la sakafu na la msingi. Liweke kuanzia ardhini hadi sentimita 60 hivi, mahali ambapo mvua inayodondoka hurusha tope, na hapo litafanya kazi ambayo lipu haiwezi. Likipandishwa hadi kwenye dari huwa ni vazi zito lisilobeba chochote, na likianza kubanduka hakuna anayelirudisha likalingana. Kwa mwenye fedha kidogo ningependekeza bila kusita nyumba ya udongo kama wanavyojenga Wamijikenda: fito zilizofungwa kwa karibu, udongo uliokandikwa pande zote mbili, msingi wa mawe chini yake na upenu mpana juu. Kuna wanaoiona kuwa ni nyumba ya umaskini. Mimi naiona kuwa ndiyo nyumba ya shamba hasa, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuitengeneza.

Kutoka Lamu nachukua daka, kile kibaraza kilicho mbele ya mlango chenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mgeni hukaa kabla hajakaribishwa ndani. Hata katika nyumba ya vyumba viwili nakijenga, na viti vyake navipa urefu wa sentimita 45 kutoka sakafuni na upana wa 60, ili mtu akitaka kujinyoosha baada ya chakula ajinyooshe. Mlango wa shamba hauhitaji nakshi. Mbao nene za mbambakofi zilizotiwa mafuta zinatosha, pamoja na bawaba na misumari ya shaba, kwa maana chuma huiacha mbao na michirizi ya kutu.

Chini ya ukingo wa makuti namwaga utepe wa kokoto wenye upana wa mita moja, maji yadondokee hapo yasichimbe ardhi. Kwa ua bogonvilia hutosha. Mnyaa hukua upesi lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, nami siupandi penye watoto. Upande wa magharibi napanda mwarobaini au mkwaju siku ile ile msingi unapochimbwa, umbali wa mita 8 au zaidi. Taa za nje ziwe chache, ziwe za chini na zenye mwanga wa manjano, na katika viwanja vya ufuoni zisionekane kutoka baharini, kwa sababu vitoto vya kasa vinavyoanguliwa usiku hufuata mwanga na kupotea njia ya maji.

Siku ya kukabidhi funguo nampa mwenye nyumba karatasi moja ya kubandika nyuma ya mlango wa stoo. Februari, kabla ya masika, fundi wa makuti apande aukague mgongo wa paa na kuzibadilisha safu zilizopukutika. Machi, mfereji wa bati usafishwe na jabia lifagiliwe. Mvua ya kwanza imwagwe nje. Mwezi wa Agosti, kuta zikiwa zimekauka, nyufa ndogo zizibwe kwa chokaa na ukuta upakwe upya pale palipofifia, na milango ipakwe mafuta kabla jua la kaskazi halijaanza kuipasua. Chini kabisa naandika majina ya mafundi wawili wanaoishi karibu na shamba hilo, na kiasi cha chokaa nilichomwachia katika pipa lililofunikwa.